Makanisa ya msituni Ethiopia yalivyookoa miti, na nyayo zinavyoihatarisha sasa

MTU anayesafiri kwa ndege mchana kutoka Addis Ababa kwenda Bahir Dar, kaskazini-magharibi mwa Ethiopia, huona chini yake mashamba yaliyoungana hadi upeo wa macho, mengine ya tefu, nafaka inayotoa injera, mengine ya ngano na shayiri. Baada ya mavuno nchi yote hugeuka rangi ya udongo. Hata hivyo, katikati ya udongo huo hutokeza madoa ya kijani kibichi, mengi yakiwa ya mviringo, kama matone ya rangi juu ya mkeka. Ndani ya kila doa, ukitazama vizuri, pana paa. Paa hilo ni la kanisa.

Madoa hayo hujulikana kama misitu ya makanisa. Kwa karne nyingi waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo la Ethiopia wameiacha miti izunguke nyumba zao za ibada, na katika nyanda za juu za kaskazini, ambako karibu kila kipande kinachoweza kupitisha plau kimekwisha kulimwa, miti hiyo ni sehemu kubwa ya msitu wa asili uliosalia.

Mara nyingi kanisa la namna hiyo hufikiwa kwa miguu, kwa njia nyembamba inayotoka kijijini, ikakata shamba na kupotelea kivulini. Waumini huipita kabla ya alfajiri, wanafunzi wa shule za kanisa huipita mchana, na mgeni mwenye mkoba mgongoni huipita akitafuta michoro ya kale na utulivu. Wote hao hawana nia mbaya. Lakini njia hiyo hiyo, pamoja na viwanja vinavyofyekwa kando yake, imo katika orodha ya mambo ambayo wanasayansi wanasema yanaimaliza misitu hii kutoka ndani, wakati shoka halijaingia.

Mahali ambapo mgeni huweza kuliona jambo hili kwa urahisi ni rasi ya Zege, iliyochomoza ndani ya Ziwa Tana upande wa kusini-magharibi. Ziwa hilo ni kubwa kuliko yote nchini Ethiopia, liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ndiko unakotoka mto Abay, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la Nile ya Buluu. Wasafiri wengi hupanda boti mjini Bahir Dar, makao makuu ya Jimbo la Amhara, na huenda wakakutana majini na wavuvi wakipiga makasia katika tankwa, mashua za mafunjo ambazo huundwa hadi leo.

Boti ikitia nanga, safari iliyobaki ni ya miguu. Kutoka gatini hadi kanisa la Ura Kidane Mehret ni mwendo usiofikia nusu saa kwa mtu asiye na haraka. Njia inapanda taratibu kati ya mibuni iliyopandwa chini ya miti mirefu, mizizi imejitokeza juu ya ardhi kama ngazi, na mwanga wa jua unaofika chini ni wa vipande vipande tu. Hondohondo hupiga kelele juu ya vilele, tumbili huvuka njia. Karibu na kanisa huonekana wachuuzi wa misalaba ya mbao, vikapu na michoro midogo juu ya ngozi, nao kwa kweli hawamwachi mgeni apite kimya kimya.

Jina la kanisa hilo lina maana ya Agano la Rehema, yaani ahadi ambayo, kwa imani ya Waethiopia, Kristo alimpa mama yake kwamba atamhurumia kila atakayetenda wema kwa jina lake. Mapokeo yanasema lilianzishwa na mtawa Betre Maryam katika karne ya 14, ingawa jengo linaloonekana leo huhesabiwa kuwa la baadaye. Katika rasi hiyo hiyo yapo makanisa mengine, likiwamo lenye jina la mtawa huyo mwenyewe na jingine la Azwa Maryam, na njia za miguu zinayaunganisha chini ya miti.

Ni jengo la mviringo lenye paa la pia, mfano wa nyumba za msonge zilizokuwapo pia katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kileleni pana msalaba uliopambwa kwa mayai ya mbuni. Mgeni huvua viatu mlangoni, kwa desturi inayokumbusha agizo alilopewa Musa mbele ya kijiti kilichowaka moto.

Ndani, kanisa limegawanyika katika duara tatu. Ya nje ni ya waimbaji na makarani wa kanisa, ambao husimama kwa saa nyingi wakiegemea fimbo ndefu na kuimba kwa lugha ya Kigeezi. Ya pili ni ya wale wanaopokea sakramenti. Ya tatu, iliyo kitovu, ni maqdas, patakatifu ambapo huingia makasisi na mashemasi peke yao. Humo huhifadhiwa taboti, mfano wa mbao za Amri Kumi zilizowekwa katika Sanduku la Agano. Taboti ndiyo inayolifanya jengo kuwa kanisa. Bila hiyo, hata jengo lingekuwa zuri namna gani, ni nyumba tu.

Kuta za nje za maqdas zimefunikwa kwa michoro kutoka chini hadi juu. Mtakatifu George anamchoma joka, na mtawa Gebre Menfes Qidus amesimama katikati ya simba na chui waliotulia kama mbwa wa nyumbani. Katika makanisa ya namna hii huchorwa pia kisa cha Belay, mla watu, ambaye katika maisha yake yote alitenda tendo moja tu jema: alimpa maji mwenye ukoma aliyeomba kwa jina la Maria. Siku ya hukumu mizani ililemea upande wa dhambi zake, hadi yale maji machache yalipowekwa upande wa pili. Kwa waumini wengi wa zamani wasiojua kusoma, ukuta huo ulikuwa ndio kitabu.

Anayeishia kwenye michoro, hata hivyo, huondoka bila kujua kwamba alikuwa kanisani tangu alipoingia chini ya mti wa kwanza. Katika desturi ya Ethiopia, utakatifu wa taboti hauishii ukutani. Unaenea nje, kwenye ua na kwenye miti, ukipungua kadiri mtu anavyosogea mbali. Ndiyo maana waumini wengi hawaingii ndani kabisa wakati wa ibada. Yeyote anayejiona hakujiandaa kwa toba, au anayezuiwa na taratibu za usafi wa kidini, hubaki uani akiwa amejitanda shuka jeupe, akabusu lango au shina la mti na kusali akiwa amesimama. Kivuli ndicho paa lake.

Mapadri wa huko wamezoea kulifananisha kanisa lisilo na miti na mtu aliyetembea bila nguo. Miti, wanasema, ni vazi la kanisa. Huficha siri ya madhabahu isitazamwe ovyo kutoka barabarani, huwapa malaika na wafu mahali pa kupumzika, na huwapa kivuli watawa wanaojitenga na dunia. Kukata mti wa kanisa kwa matumizi ya nyumbani huhesabiwa kuwa dhambi. Kuni za kupikia karamu ya sikukuu ya mtakatifu, au nguzo ya kukarabati paa la kanisa lenyewe, hiyo ni ruhusa.

Zege ina simulizi yake juu ya asili ya miti. Inasemekana Betre Maryam, ambaye jina lake lina maana ya fimbo ya Maria, aliigawa fimbo yake, na vipande vyake vikachipua kahawa, mlimao na gesho, kichaka ambacho majani yake huipa uchungu pombe ya kienyeji. Kwa mapokeo hayo hayo, kulima kwa plau na kufuga ng'ombe kulikatazwa katika rasi. Mtu asiyeamini simulizi anaweza kuona matokeo yake: wakazi waliishi kwa mazao yanayohitaji kivuli, na kivuli kilihitaji miti mikubwa. Katazo la dini na hesabu ya tumbo vilikwenda njia moja kwa muda mrefu.

Nje ya Zege hali haikuwa hivyo. Katika nyanda za Gondar Kusini na Gojjam plau ya ng'ombe imefanya kazi kwa karne nyingi, na idadi ya watu imeongezeka. Hapa inafaa kutahadharisha juu ya takwimu moja inayorudiwa mno, kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 misitu ilifunika asilimia 40 ya Ethiopia. Wanahistoria kadhaa, akiwamo James McCann, wameonyesha kwamba hakuna ushahidi wa kutosha nyuma ya namba hiyo, na kwamba sehemu nyingi za nyanda za juu zilikuwa mashamba na malisho tangu kale. Lisilobishaniwa ni kwamba msitu wa asili uliosalia leo katika eneo hilo ni kidogo sana, na kwamba sehemu kubwa yake imezunguka makanisa.

Siasa nayo ilichora mipaka. Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1974, Kanisa lilikuwa mmiliki mkubwa wa ardhi, likipokea mapato kutoka kwa wakulima waliolima maeneo yake. Machi 1975, serikali ya kijeshi ya Derg ilitangaza kwamba ardhi yote ya vijijini ni mali ya umma. Mashamba ya Kanisa yaligawiwa kwa wakulima. Kilichobaki mikononi mwa makasisi, kwa sehemu kubwa, ni uwanja wa kanisa na miti yake. Tangu hapo mpaka kati ya jembe na msitu umekuwa mkali kama ukingo wa kisu: hatua moja ni kivuli, hatua inayofuata ni tuta.

Picha za angani zinathibitisha sehemu ya historia hiyo. Watafiti walipolinganisha picha zilizopigwa na Waitalia mwaka 1938, wakati wa uvamizi wao, na picha za setilaiti za hadi mwaka 2015, walikuta kwamba misitu mingi ya makanisa haikupungua ukubwa kama ilivyodhaniwa. Ipo hata iliyopanuka. Habari njema hiyo ina kasoro mbili. Vichaka vilivyokuwa vikiizunguka misitu na kuikinga dhidi ya upepo na jua vimetoweka, na sehemu ya upanuzi huo ni mikaratusi.

Mkaratusi uliingizwa Ethiopia katika miaka ya 1890, enzi za Mfalme Menelik II, ili kuupatia mji mpya wa Addis Ababa kuni na mbao. Hukua haraka, hukatwa na kuchipua tena, na huuzwa kwa bei nzuri kama nguzo. Kwa kanisa la kijiji lililopoteza mashamba yake mwaka 1975, lenye mapadri wa kulisha na paa linalovuja, safu ya mikaratusi pembezoni mwa msitu ni akiba inayoeleweka kabisa. Ubaya ni kwamba mti huo hunywa maji mengi, na chini yake miche ya miti ya asili huota kwa shida. Si rahisi kumlaumu kasisi. Wala si rahisi kuinyamazia mikaratusi.

Mtu aliyefanya mengi kuielezea misitu hii kwa dunia ni mtaalamu wa misitu Alemayehu Wassie, mwenyeji wa eneo hilo. Katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu, aliouwasilisha Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, mwaka 2007, alipima misitu 28 ya makanisa katika Gondar Kusini. Mdogo ulikuwa na hekta 1.6 na mkubwa hekta 100. Ndani ya misitu hiyo alihesabu aina 168 za miti na vichaka, idadi kubwa kwa vipande vilivyo vidogo hivyo.

Miongoni mwake imo miti ambayo msomaji wa Kenya na Tanzania ataitambua. Upo mtarakwa, unaoitwa pia mwangati, ule ule unaoota milimani Aberdare na Usambara. Upo mzeituni pori. Upo mringaringa unaopendwa na maseremala. Pembeni yake imo miti isiyopatikana mahali pengine duniani nje ya Ethiopia. Kwa hiyo msitu wa kanisa ni ghala la mbegu, na kwa aina kadhaa za miti ni ghala la mwisho katika wilaya nzima.

Tatizo alilolikuta Alemayehu halikuwa la miti mikubwa. Ilikuwa imesimama, mizee na yenye afya. Waliokosekana ni watoto wake. Mbegu za miti mingi ya msitu mkomavu hazikai muda mrefu ardhini zikisubiri. Huota upesi au hufa. Zinapoota, ng'ombe na mbuzi wanaoingia kutafuta kivuli na majani wakati wa kiangazi huzila au kuzikanyaga. Alipozungushia uzio vipande vya msitu ili mifugo isiingie, miche ilinusurika kwa wingi zaidi. Msitu unaweza kuonekana mzima kwa miaka 50, kumbe ni nyumba ya wazee tupu.

Dawa iliyopendekezwa ilitokana na mawe. Mashamba ya huko yamejaa mawe yanayomsumbua mkulima kila msimu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, Alemayehu kwa kushirikiana na Margaret Lowman, mtaalamu wa Marekani anayejulikana kwa utafiti wa vilele vya miti, waliwashawishi mapadri na wanakijiji kuyakusanya mawe hayo na kujenga kuta kuzunguka misitu. Mapadri walionyeshwa picha za setilaiti wakaona kwa macho yao jinsi kanisa lao lilivyo kisiwa. Wazo halikuwa geni, kwa kuwa makanisa mengi yalikuwa tayari na ukuta mdogo wa ndani kuzunguka jengo. Jipya lilikuwa kuuhamishia ukuta ukingoni mwa msitu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa misitu yenye ukuta ilikuwa na miche mingi zaidi na ya aina nyingi zaidi. Shamba lilipungukiwa mawe, msitu ukapungukiwa ng'ombe. Ni nadra mradi wa hifadhi kumnufaisha mkulima siku ile ile unapoanza.

Ukuta, hata hivyo, humzuia ng'ombe. Haumzuii binadamu, wala hakuna anayetaka umzuie, kwa sababu msitu wa kanisa usioingiwa na watu umepoteza sababu ya kuwapo. Hapo ndipo linapokuja suala la nyayo.

Timu iliyoongozwa na Catherine Cardelús wa Chuo Kikuu cha Colgate, Marekani, ilichapisha mwaka 2019 matokeo ya uchunguzi wake katika Gondar Kusini. Walipima usumbufu wa binadamu ndani ya misitu: viwanja vilivyofyekwa, majengo, mimea vamizi, miti iliyopandwa. Usumbufu huo ulikuwa mkubwa katika misitu yote, kwa wastani wa asilimia 56. Kadiri ulivyozidi, ndivyo aina za miti na idadi ya miche zilivyopungua. Katika misitu midogo, umbali kutoka mjini haukuleta tofauti. Kanisa la porini lilikuwa limesumbuliwa sawa na la karibu na mji. Miongoni mwa mapendekezo yao limo la kupunguza njia za miguu na viwanja vya wazi.

Si vigumu kuelewa jinsi njia inavyoua. Mguu hukandamiza udongo, na udongo uliokandamizwa haunywi maji ya mvua wala haupokei mzizi mchanga. Maji hutafuta njia hiyo hiyo na kuigeuza mfereji. Watu wakiona mfereji wana tope, hupita kando, na njia moja huwa mbili, kisha tatu. Mwanga huingia, na pamoja na mwanga huja magugu. Katika msitu wa hekta 1,000 hayo ni mikwaruzo. Katika msitu wa hekta tatu ni jeraha, kwa sababu hakuna sehemu iliyo mbali na ukingo.

Wanaotembea humo si watalii kwa wingi. Katika makanisa mengi ya Gondar Kusini mgeni wa kigeni hafiki mwaka mzima. Wapo wanafunzi wa elimu ya kanisa, vijana wanaoishi katika vibanda vidogo chini ya miti na kuomba chakula kijijini. Wapo wafiwa, kwani makaburi yamo msituni, na familia zilizopata fedha hupenda kujenga makaburi ya saruji ambayo hayatoi tena nafasi kwa mti. Wapo wanakijiji wanaokutana hapo kusuluhisha ugomvi. Siku za sikukuu, kama Timkat, ubatizo wa Kristo unaoadhimishwa Januari 19, umati hufurika taboti inapotolewa kwa maandamano kwenda majini.

Kwa maneno mengine, ibada iliyoulinda msitu ndiyo inayouchosha. Waumini wakiongezeka, kanisa hutanuliwa, hujengwa ukumbi, jiko la sikukuu na nyumba ya mlinzi, na kila jengo huhitaji uwanja na njia yake. Hakuna katazo la dini linalovunjwa. Hakuna mti unaoibwa. Hapa sheria ya serikali ina msaada mdogo, na neno la kasisi lina uzito kuliko la bwana misitu. Ndiyo sababu watafiti wa huko hutumia muda mwingi kuzungumza na mapadri.

Zege imeonja matatizo hayo kwa namna yake. Eneo la Ziwa Tana liliorodheshwa na UNESCO mwaka 2015 kuwa hifadhi ya baiyoanuwai. Lakini bei ya kahawa hupanda na kushuka, na mashamba ya familia hugawanywa kila kizazi. Kwa miaka mingi kuni kutoka rasi hiyo zimekuwa zikivushwa kwa tankwa kwenda kuuzwa Bahir Dar. Utalii uliwapa wakazi sababu nyingine ya kuiacha miti isimame: kiingilio cha kanisa, ujira wa waongozaji, mauzo ya vikapu. Ziwani kwenyewe magugu maji, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 2011, yamefunika sehemu za ufukwe, hasa kaskazini-mashariki.

Mapato ya utalii yaliyumba kwa mlipuko wa corona mwaka 2020 na kwa vita vya Tigray vya mwaka 2020 hadi 2022. Kisha Agosti 2023 serikali ilitangaza hali ya hatari katika Jimbo la Amhara kutokana na mapigano kati ya jeshi la shirikisho na wapiganaji wa Fano. Muda wa tangazo hilo ulikwisha mwaka 2024, lakini mapigano hayakwisha nalo. Nchi kadhaa zimewaonya raia wao wasiende huko. Kwa watafiti maana yake ni kwamba vipimo vya msituni vimekuwa vigumu kufanyika. Kwa mwenye boti wa Bahir Dar, ni siku nyingi bila abiria.

Mwenye nia ya kwenda atafanya vyema kupata kwanza taarifa za usalama kutoka kwa ubalozi na wenyeji, wala asitegemee kitabu cha mwongozo cha miaka 10 iliyopita. Ajue pia kwamba makanisa ya Zege hupokea wanaume na wanawake, lakini baadhi ya monasteri za visiwani, kama Kebran Gabriel, haziruhusu wanawake kushuka. Nguo zifunike mabega na magoti. Soksi si wazo baya, kwani sakafu zilizotandikwa mazulia ya zamani zina viroboto.

Njiani, waongozaji wazuri humwomba mgeni jambo dogo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni adabu tu: apite katikati ya njia hata penye tope, asikwepe pembeni. Pembeni hapo, kama mvua ilikuwa nzuri, huweza kuwapo mche wa mtarakwa wenye urefu wa kidole, na ikiwa hautakanyagwa wala kuliwa, utachukua miaka mingi kabla ya kutoa mbegu yake ya kwanza.